Slabu ya chini na msingi ni vitu viwili

Slabu ya chini ni zege linalomwagwa moja kwa moja juu ya ardhi iliyoshindiliwa. Inabebwa na ardhi yenyewe, tofauti na slabu ya ghorofa inayokaa juu ya boriti na nguzo. Maana ni hiyo tu.

Linalokera ni kauli hii inayorudiwa kila panapouzwa kiwanja: "Nyumba ndogo haihitaji msingi, mwaga slabu upandishe kuta." Nyumba nyingi za Kampala na Mbarara, hapa Uganda, zina slabu ya chini, lakini slabu hiyo haibebi kuta za nje. Kuta zinasimama kwenye mkanda wa zege uliochimbiwa chini, kisha matofali yanapandishwa hadi usawa wa sakafu. Slabu imejazwa katikati yake kama sakafu tu: unene wa milimita 100, waya wa BRC (wavu wa chuma) ndani, mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne.

Ukuta wa matofali ya kuchoma wenye unene wa milimita 230 na kimo cha mita 3 unazidi tani moja kwa kila mita ya urefu. Uweke pembezoni mwa zege la milimita 100 lililolazwa juu ya kifusi, na ukingo utazama kabla ya katikati. Ufa utaanzia kwenye kona za madirisha, na fundi atasingizia saruji.

Ipo slabu inayobeba nyumba nzima, na hiyo kweli ni msingi: rafti. Lakini kingo zake, na mistari inayopita chini ya kuta za ndani, hunenepeshwa hadi milimita 300 au zaidi na kufungwa nondo kwa hesabu ya mhandisi. Nondo hizo wauzaji wa maneno hawazitaji, kwa sababu ndizo zinazokula pesa.

Maandalizi ya chini ya zege ni yaleyale kwa slabu ya sakafu na kwa rafti. Ondoa udongo wote wenye mizizi. Jaza moramu, yaani udongo wenye changarawe, kwa tabaka za milimita 150, kila moja ikinyunyiziwa maji na kushindiliwa. Ukimwaga yote kwa mkupuo, mashine inakaza juu tu na chini panabaki pwaya. Halafu mawe, vumbi la mawe la kusawazisha, dawa ya mchwa, na karatasi ya nailoni ya geji 1000 (kipimo cha unene wake) ya kuzuia unyevu. Nailoni ikitobolewa na mawe, unyevu utapanda. Uso wa slabu uwe juu ya ardhi ya nje kwa milimita 150 angalau. Kwenye udongo mweusi wa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, hata maandalizi haya hayatoshi bila mhandisi.

Kwa hiyo, ndugu, ukiambiwa nyumba "imejengwa juu ya slabu", uliza kwa upole: kuta zimekaa juu ya nini? Jibu likiwa milimita 100, hiyo ni sakafu.