Klasta zako za Visium hazikai? Hebu iache hiyo rezolusheni kwanza

Niseme tu ukweli, nimechoka. Mtu anakuletea data zake za Visium (teknolojia inayopima jeni kwenye kipande cha tishu, doa kwa doa, na kila doa tunaliita spoti) akitaka kuzigawa spoti kwenye klasta, yaani makundi yanayofanana jeni, picha ya tishu imejaa rangi zisizoeleweka, na kabla hujamuuliza hata tishu yenyewe ni ya nini anakwambia "nimejaribu 0.3, 0.5, 0.8 mpaka 1.5 bado klasta hazikai, we huwa unatumia ngapi?" Hakuna ngapi jamani. Nimelijibu hili mara nyingi mno kwa upole, leo nalijibu bila upole.

Dhana: klasta zikiwa mbaya, cheza na rezolusheni mpaka zikae

Hapana. Rezolusheni ni namba inayoiambia Leiden au Louvain (algorithimu za kugawa klasta) ikate vipande vikubwa au vidogo, basi. Ukiipandisha unapata klasta nyingi ndogondogo, ukiishusha unapata chache kubwa. Na kinachokatwa ni grafu ya majirani (inayoonyesha spoti zipi zinafanana jeni) ambayo ilishatengenezwa zamani, kwenye Seurat, programu ya R, kwa FindNeighbors (majirani 20 usipogusa kitu), kwenye Scanpy, ya Python, kwa pp.neighbors (15), grafu hiyo imetoka kwenye PCA (njia ya kufupisha maelfu ya jeni kuwa vipimo vichache), na PCA imetoka kwenye hesabu zako za jeni baada ya kuzinomalaizi. Sasa kama uchafu uliingia huko mwanzo kwenye hesabu, hii namba ya mwisho itausafisha vipi? Nyama ikishaoza hata uikate ndogo namna gani imeoza tu.

Kitu ninachomwambia kila mtu na karibu kila mtu anakiruka: chora jumla ya UMI (molekuli za RNA zilizohesabiwa) za kila spoti juu ya picha ya tishu. Hiyo tu kwanza. Kama uko Seurat ni SpatialFeaturePlot na nCount_Spatial, kama uko Squidpy (mwenzake Scanpy kwa data za tishu) ni spatial_scatter na total_counts. Iweke pembeni ya picha ya klasta uziangalie zote mbili. Kama mipaka ya klasta inafuata mipaka ya UMI, shtuka, huenda hujapata aina za tishu, umepata mahali RNA ilitoka vizuri na mahali ilipogoma. Ndio hapo unagundua ile klasta yako "mpya" uliyotaka kuiandikia sura nzima ya tasnifu imekaa ukingoni mwa tishu tu, au kwenye mkunjo pale kipande kilipojikunja wakati wa kulazwa kwenye slaidi, au palipobaki povu la hewa. Algorithimu haiwezi kukuambia hayo, picha ya H&E (ile ya tishu iliyotiwa rangi, iliyopigwa kwa hadubini) ndiyo itakuambia. Ifungue basi! Kuna watu wanachambua data wiki nzima na hiyo picha hawajaitazama hata mara moja, sijui wanadhani imewekwa kwa ajili ya kupendezesha.

Ila usiruke ukaangukia upande wa pili. Wengine wakishasikia habari ya UMI wanataka kuifuta tofauti yote, wanairegresi (wanaiondoa kwa hesabu) mpaka ramani inakuwa tambarare, halafu wanashangaa tishu imepotea. Kwenye ubongo sehemu nyeupe kwa kawaida ina UMI chache kuliko sehemu ya kijivu, na hiyo sio hitilafu, ndio ubongo wenyewe ulivyo. Kwa hiyo unapoona klasta inafuata UMI, swali la kujiuliza ni je, inafuata pia kitu kinachoonekana kwenye H&E, na jeni zake zina maana? Klasta yenye MBP na PLP1 (jeni za myelini) juu kwenye ubongo ni sehemu nyeupe, iache iishi. Klasta ambayo haina jeni hata moja ya kueleweka, ina UMI kidogo tu, hiyo ndio ya kuitilia shaka.

Halafu kuna hii ya kulazimisha idadi, inanikera zaidi kuliko zote. Wanafunzi wengi wanajifunzia kwenye data ya DLPFC, ile ya gamba la mbele la ubongo wa binadamu yenye vipande 12, iliyochapishwa 2021, ambapo wataalamu waliweka alama za tabaka kwa mkono. Tabaka 6 na sehemu nyeupe, jumla 7. Basi mtu anazungusha rezolusheni mpaka zitoke klasta 7, anapumua, anaandika "tumepata tabaka zote". Umepata namba 7 tu ndugu yangu. Ukiangalia vizuri utakuta sehemu nyeupe imekatwa mara mbili na tabaka la 2 na la 3 zimeunganishwa, saba bado ni saba lakini sio saba zile. Na kwenye hiyo hiyo data vipo vipande 4 ambavyo vina maeneo 5 tu yaliyowekewa alama, sasa ukivilazimisha kutoa 7 unakuwa umetunga tabaka mbili kichwani mwako. Linganisha na alama za mkono, piga hesabu ya ARI (kipimo cha jinsi migawanyo miwili inavyolingana), usihesabu rangi.

Na kama umeunganisha sampuli na kila sampuli imejitenga na klasta yake, hapo rezolusheni ndio haina kazi kabisa, hiyo mara nyingi ni tofauti ya bachi (inayotokana na maandalizi ya sampuli, sio tishu yenyewe). Unaniambia "lakini nilishafanya Harmony" (programu ya kusahihisha tofauti hiyo). Sawa, ulifanya, ila grafu uliijenga juu ya nini? Naifungua kodi, namkuta FindNeighbors ameachwa na PCA ile ya zamani, Harmony imekaa pale haijaguswa na mtu. Lazima uiambie reduction ni harmony, na kwenye Scanpy use_rep iwe X_pca_harmony, vinginevyo umesahihisha kitu halafu ukaenda kutumia kile kisichosahihishwa.

Dhana: ni programu ya spatial (ya data zenye mahali kwenye tishu), kwa hiyo inajua spoti zipi ziko jirani

FindClusters ya Seurat haitazami koodineti hata kidogo. Leiden ya Scanpy nayo vilevile. Wanajua jeni tu, spoti ya kona hii na ya kona ile zikifanana jeni zinaingia klasta moja, kwa hiyo klasta kutawanyika kama punje punje sio lazima iwe kosa, huenda seli zenyewe zimetawanyika hivyo.

Wengine wanasema wao wameshaendesha spatial_neighbors ya Squidpy. Ile inaandika spatial_connectivities, wakati Leiden usipoiambia kitu inasoma connectivities, ni vitu viwili tofauti. Na ukiielekeza isome ile ya spatial peke yake ni balaa zaidi, maana utapata mabaka mazuri yaliyopangika, safi kabisa kwa kuwekwa kwenye slaidi za semina, ila yamekatwa kwa umbali tu, jeni hazikuhusishwa. Unataka vyote viwili? Changanya grafu mbili kwa uzito, au nenda BayesSpace au BANKSY ambazo zimetengenezwa kwa kazi hiyo. BANKSY ina lambda (uzito wa majirani), 0.2 kwa aina za seli na 0.8 kwa maeneo ya tishu, usichukue moja ukategemea majibu ya nyingine. BayesSpace nayo isome inavyokuandikia: inasema majirani wamepatikana kwa spoti ngapi kati ya ngapi. Ikisema 0 simama hapo hapo, safu za array_row na array_col hazipo au zimeharibika, au umeiambia ni ST (teknolojia iliyoitangulia Visium) wakati slaidi ni ya Visium. Visium kila spoti ina majirani 6, ST ya zamani ni 4.

Sampuli nyingi tena, kuna mtego hapa. Slaidi za Visium za toleo la kwanza zina bakodi (lebo za kutambulisha spoti) 4992 zilezile kwenye kila eneo. Ukiunganisha bila kuweka jina la sampuli mbele, bakodi zinagongana, mtu anapiga obs_names_make_unique ili onyo linyamaze, bakodi zinakuwa na "-1-1" mwishoni na hakuna anayejua tena spoti ni ya sampuli ipi. Koodineti nazo zinalaliana, spoti ya mgonjwa mmoja inakuwa "jirani" wa spoti ya mgonjwa mwingine. Squidpy ina library_key ya kutenganisha sampuli, itumie. Kwenye BayesSpace sogeza koodineti za kila sampuli mbali na nyingine kabla ya kuendelea.

Mengine ya haraka haraka

"Programu imegoma, nifute nisakinishe upya." Soma maandishi mekundu kwanza! Ikisema jina la grafu halipo, umebadilisha assay (seti ya hesabu inayotumika) kutoka Spatial kwenda SCT, ile ya SCTransform, grafu sasa ni SCT_snn. Irlba (inayopiga PCA) ikilalamika, umeomba PC, yaani vipimo vya PCA, nyingi kuliko spoti au jeni zilizobaki baada ya kuchuja. SCTransform ikifa mwanzoni, tafuta spoti zenye UMI 0. Leidenalg haipo? Hapo kweli sakinisha, ila hiyo pakeji moja, sio kompyuta nzima. Na kama haisomi koodineti, kumbuka Space Ranger kuanzia 2.0 faili linaitwa tissue_positions.csv na lina vichwa vya safu, kodi za zamani zinatafuta tissue_positions_list.csv.

"UMAP yangu inaonyesha klasta zimechanganyika." Klasta hazikutoka kwenye UMAP. UMAP ni mchoro.

"Spoti moja ni seli moja." Spoti ina kipenyo cha mikromita 55, humo mara nyingi kuna seli kadhaa, usiipe klasta jina "seli T" ukaondoka. Fanya dikonvolusheni (kukadiria aina za seli zilizomo ndani ya spoti), kwa RCTD au cell2location.

"Ondoa spoti zote zenye mitokondria zaidi ya 5%." Kwenye moyo, ambao kiasili una mitokondria nyingi? Utabaki na matundu, na majirani watakatika.

"Visium HD, tufanye kwenye mikromita 2 ndio tuone vizuri." Visium HD haina spoti, ina vijisanduku vidogo vilivyopangwa bega kwa bega, na hapo ni zaidi ya vijisanduku milioni 10 kwa eneo la milimita 6.5 kwa 6.5, vingi vina UMI kiduchu, na RAM yako haina hamu hiyo. Anza na mikromita 8.

Kwa hiyo ukinitafuta, niletee sessionInfo (ya R) au orodha ya vasheni za pakeji, idadi ya spoti kabla na baada ya kuchuja, ramani ya UMI juu ya tishu, na mstari ulipojenga grafu ya majirani. Hiyo namba ya rezolusheni baki nayo.