Ruta ya mtumba au mpya? Mimi naanza na koleti

Mafundi seremala wanaofungua karakana zao huniuliza swali hili kuliko mengine yote: nichukue ruta (mashine ya umeme ya kuchongea mbao) ya zamani iliyotoka nje, au nijibane ninunue mpya dukani? Jibu langu huwaudhi kidogo, maana siulizi mashine ina miaka mingapi. Nauliza koleti yake, yaani kile kinachobana kisu, ikoje, na kama itakufa Jumatatu, spea yake itapatikana Kariakoo kabla ya Ijumaa au la. Ruta ya miaka ishirini inayojibu vizuri maswali hayo mawili naichukua mbele ya mpya isiyo na majibu.

Hapa naongelea ruta kubwa, zile unazobonyeza zikazama kwenye mbao, zenye kushika kisu chenye mkia (kile kijiti kinachoingia kwenye mashine) wa nusu inchi au milimita 12. Ni mashine za kilo tano sita, tunazopigia kingo za milango ya mninga, paneli na mifereji. Ile ndogo ya mkono mmoja ya kupunguzia kingo za fomaika nunua mpya tu bila kujiuliza. Haina bei ya kutisha, na za mtumba nyingi zinafika huku zimeshakamuliwa.

Sifa za wazee

Wanaosifia mashine za zamani hawasemi uongo. Ruta ya kuzamisha ilitoka Ujerumani, kwa kampuni ya Elu, mwaka 1949, na umbo lile la nguzo mbili na springi halijabadilika sana mpaka leo. Elu ilinunuliwa na Black & Decker mwaka 1984, na ruta kubwa ya Elu ukiiweka kando ya DeWalt DW625, ambayo ni ya hao hao walionunua, utaona ni ndugu wa tumbo moja, rangi tu ndiyo imebadilika. Hitachi nayo tangu 2018 inauzwa kwa jina la HiKOKI, kwa hiyo ukikosa spea ya Hitachi kwa jina lake la zamani, ulizia kwa jina jipya. Na Makita RP1800, ambayo ni ya dukani kabisa, ina mwendo mmoja tu wa mizunguko 22,000 kwa dakika, bila kitufe cha kuupunguza. Upya wa boksi na upya wa teknolojia ni mambo mawili.

Kinachonivutia mimi kwenye ruta ya zamani isiyo na bodi ya kielektroniki ni uvumilivu wake kwa umeme wetu. Umeme ukishuka jioni, au ukifanya kazi kwa jenereta dogo saiti na waya mrefu mwembamba, ile mashine ya swichi na mota tu italegea kidogo na kuendelea. Yenye bodi inaweza kuanza kupandisha na kushusha mwendo yenyewe, na siku bodi ikiungua, utaambiwa bei ya bodi ukae chini kwanza.

Lakini mzee huyu ana mambo yake mawili mabaya. La kwanza, ukiwasha anaruka mkononi, kwa sababu mota inapanda mwendo wote kwa mpigo. Hilo unalizoea. La pili si la kuzoea: mwendo mmoja wa juu na kisu kikubwa. Piga hesabu mwenyewe. Kisu cha kunyanyulia paneli chenye upana wa milimita 80, kikizunguka mara 22,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda mita 92 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 330 kwa saa. Kipunguze mpaka 10,000 na ncha inashuka kwenye mita 42, na hapo ndipo kisu cha aina hiyo kinapotakiwa kuwa. Kisu cha kawaida cha kufukulia chenye upana wa milimita 12 hata kwenye 22,000 hakifiki mita 14 kwa sekunde. Kwa hiyo ruta ya mwendo mmoja ni nzuri sana kwa mifereji, mashimo ya bawaba na kingo ndogo ndogo. Ukiifunga kisu cha paneli unacheza na vidole vyako, na nimeshaona kwenye karakana za watu kisu kimepinda mkia.

Kuna kidhibiti mwendo cha nje unachoweza kuchomeka kati ya ruta na soketi. Kinafanya kazi kwa mota hizi za kaboni (vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zisizo na bodi, ila nguvu inapungua pamoja na mwendo. Usikiunganishe kamwe na ruta ambayo tayari ina bodi yake ndani.

Lebo kwanza, mashine baadaye

Mtumba una mtego ambao duka la mpya halina: volti. Umeme wa nyumbani Japani ni volti 100. Marekani ni 120. Uingereza wana 230 kama sisi, lakini mashine zao za saiti za ujenzi hutengenezwa kwa volti 110, kwa usalama, na utazitambua kwa plagi ya duara ya njano. Zote hizi zinaingia huku kwenye makontena. Muuzaji akikuambia, "Bosi, hii Mjapani kabisa," hapo ndipo uinamishe mashine usome lebo. Mara nyingi plagi ya asili imeshakatwa ikawekwa ya kwetu, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 utasikia mlio ambao hujawahi kuusikia, halafu cheche, halafu harufu. Kusuka mota upya kunawezekana, lakini hapo bei ya mtumba imeshaisha maana.

Je, transfoma haisaidii? Inasaidia, kwa masharti. Inabidi iwe na uwezo unaozidi mashine kwa nafasi ya kutosha, na iwe ya kufanya kazi mfululizo. Zile transfoma za njano za saiti nyingi zimetengenezwa kwa kazi ya kuwasha na kupumzika, ukiichosha na ruta kutwa inachemka. Na soketi ya kawaida ya Japani ni ampea 15, kwa hiyo ruta ya huko haiwezi kuvuta zaidi ya wati 1,500 hata ikiwa na mwili mkubwa kiasi gani. Ukiwa na karakana isiyohama, transfoma ipo ukutani, sawa. Fundi wa kupanda bajaji kwenda kwa mteja, achana nayo.

Kwenye lebo hiyo hiyo tafuta alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine. Ipo? Waya wa nyuzi mbili unatosha. Haipo, na mwili ni chuma? Waya lazima uwe na nyuzi tatu, na ethi iwe inafanya kazi kweli.

Koleti

Hapa ndipo natumia muda mwingi kuliko kote, na wauzaji wananichukia kwa hilo.

Koleti ni kile kikombe kidogo cha chuma chenye mipasuko kinachobana mkia wa kisu. Ikichoka, kisu kinateleza kidogo kidogo kazini. Unaanza mfereji kwa kina cha milimita 8, ukifika mwisho wa ubao una 11, na hujagusa kitu. Siku nyingine kinachomoka kabisa.

Chomoa waya. Fungua nati, toa koleti nje, ipeleke kwenye mwanga. Ndani iwe laini na ya rangi moja. Ukiona mistari ya kahawia au weusi wa kuungua, kuna visu vilivyowahi kuzungukia humo bila kushikwa. Angalia mipasuko: upana wake uwe sawa juu mpaka chini, na pasiwe na ufa unaoendelea pale mpasuko unapoishia. Kisha tazama tundu la shafti koleti inapokaa. Koleti inabadilishwa, lakini tundu hilo likiwa limechimbika, tatizo limehamia kwenye shafti, na shafti ni kitu kimoja na amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka. Hapo rudisha mashine mezani na uage.

Mimi huenda na kisu changu kipya chenye mkia usio na mkwaruzo. Nakiingiza mpaka mwisho, nakirudisha nyuma kama milimita 2 au 3, ndipo nabana. Kisu kikigusa chini na kubanwa hivyo hivyo, nati inaweza kukudanganya kuwa imekaza. Baada ya hapo nazungusha shafti kwa mkono na kutazama ncha ya kisu ikipita karibu na ukingo wa kipande cha mbao. Ikisogea na kurudi kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, sinunui.

Na angalia kipimo. Nusu inchi ni milimita 12.7. Kisu chenye mkia wa milimita 12 kwenye koleti ya nusu inchi kitabanwa, utafurahi, na kitachomoka. Robo inchi nayo ni 6.35, siyo 6. Visu vingi vinavyouzwa hapa mjini vina mkia wa nusu inchi au robo inchi, wakati ruta kutoka bara la Ulaya mara nyingi huja na koleti ya 12 au 8. Kabla ya kulipa ruta hiyo, uliza koleti ya nusu inchi ya modeli hiyo inapatikana wapi. Kukata kipande cha bati la soda na kukizungushia mkia wa kisu ili "kijae", kama wanavyofanya baadhi, ni kazi ya mtu aliyechoka kuwa na macho.

Beringi na kaboni

Haya ni mepesi zaidi, kwa sababu yanabadilishika. Mashine ikiwa imezimwa, shika kisu kirefu kilichofungwa uisukume shafti kushoto na kulia, isicheze. Iwashe, izime, na sikiliza inavyoshuka mwendo: isikwaruze kama ina mchanga ndani. Beringi mbovu sio sababu ya kuikataa, ni sababu ya kupunguza bei. Ila ukienda kununua nyingine usitaje namba tu. Chukua na herufi zinazofuata, na mwambie muuzaji ni ya mota ya mizunguko zaidi ya elfu ishirini. Beringi ya namba ile ile yenye mpira unaobana sana inachemka haraka kwa mwendo huo.

Kaboni zinatoka kwa bisibisi bapa pembeni mwa mashine. Mwombe muuzaji afungue. Zikiwa fupi, ni hela ndogo, badilisha zote mbili pamoja. Zikiwa zimelika upande, au kishikio chake kimeyeyuka, tazama ndani mota ikiwaka: cheche ndogo za bluu chini ya kaboni ni kawaida, ila duara la moto wa rangi ya chungwa linalozunguka shaba ni amecha inayoaga.

Mpya, lakini ya nani?

Mpya kwa mjini ni tatu. Ipo orijino ya kampuni kubwa, kwa wakala, na karatasi ya waranti. Ipo ya kampuni za Kichina zenye jina lao wenyewe, ambayo haijifichi na kwa kazi ya fenicha ya wastani inakulisha. Halafu kuna feki, yenye nembo ya kampuni kubwa na bei ya kati kati, ambayo ni mbaya kuliko mtumba wowote. Andika namba ya modeli kwenye simu na utafute mchoro wa spea wa mtengenezaji. Modeli haipo, au mchoro unaonyesha kitufe ambacho mashine haina? Toka dukani.

Jambo moja nalipenda kwenye baadhi ya ruta mpya: umeme ukikatika na kurudi, haziwaki zenyewe mpaka ubonyeze swichi tena. Kwa ruta ya zamani yenye swichi inayobaki imewashwa yenyewe, umeme ukikatika, kitu cha kwanza ni kuchomoa waya, hata kabla ya kutafuta tochi.

Basi mimi nafanyaje? Mwenye ruta moja tu, inayomlisha, namwambia anunue mpya yenye kitufe cha mwendo, orijino ya kawaida au ya Kichina yenye spea mjini. Makita RP2301FC, kwa mfano, inatoka 9,000 mpaka 22,000, kwa hiyo inabeba kisu kidogo na kikubwa. Mtumba nauweka nafasi ya pili: kufungwa kichwa chini kwenye meza ya ruta. Pale nguzo zilizolegea na springi zilizochoka hazina madhara makubwa, kwa sababu ukishafunga kina, mashine haisogei tena. Ila meza ndiyo inayokula visu vikubwa, kwa hiyo tafuta mtumba wenye kitufe cha mwendo, na ukikijaribu uhakikishe kinabadilisha mlio kweli. Ule wa mwendo mmoja uache kwa mifereji na bawaba.

Mkishakubaliana bei, dai vilivyokuja nayo: spana zake, koleti ya pili kama ipo, na fensi, ile reli ya pembeni inayoongoza ruta ikate sambamba na ukingo. Fensi ndiyo watu husahau. Unene wa fito zake na nafasi kati yake hutofautiana kwa kila modeli, ya ruta nyingine haiingii. Ikiwa imepotea, punguziwa hela ya nondo mbili laini za kipenyo hicho na kipande cha mkongo, utengeneze mwenyewe.