Sauti kupasuka: maana yake, na namna ya kuiweka sawa kwenye video

Sauti hupasuka inapozidi uwezo wa chombo kinachoipokea. Katika kurekodi kwa dijitali, dari liko kwenye 0 ya mita (kile kipimo cha sauti kinachopanda na kushuka kwenye skrini), na viwango vyote huhesabiwa kwa desibeli, yaani vipimo vya ukubwa wa sauti, za kushuka kutoka hapo: -6, -12, -20. Wimbi linalotaka kupanda kupita 0 hukatwa kichwa. Palipokuwa na kilele cha mviringo panabaki bapa, na kona za bapa hilo huzaa milio ya juu ambayo ukumbini haikuwako. Huo ndio mkwaruzo unaousikia.

Chukua usiku wa kupamba hapa Mombasa. Kiwango cha maiki kimewekwa kwa sauti ya mshereheshaji, mita inacheza kwenye -12, safi. Mara bibi harusi anatokea mlangoni, na mama mmoja aliye hatua mbili kutoka kwenye kamera anaachia vigelegele. Ukikuza wimbi kwenye taimlaini (mstari wa kuhariria katika programu) hadi nukta zake zionekane moja moja, maneno ya mshereheshaji yana vilima vya duara; vigelegele vina nukta tano, sita, hata kumi mfululizo zilizolala kwenye mstari mmoja.

Wengi hukimbilia kushusha sauti. Ukishusha klipu hiyo kwa desibeli 10, unapata mkwaruzo uleule ulio chini kwa desibeli 10. Kushusha hutibu hali moja tu: faili asili ni nzima, ila trak (tabaka za sauti) zilipojumlishwa kwenye programu, muziki juu ya maneno juu ya makofi, jumla ikapita 0. Kwa hiyo kwanza zima trak zote, usikilize faili asili peke yake. Ikiwa safi, kosa ni la mchanganyo, na dawa ni kupunguza trak moja moja.

Kuna dalili nyingine inayowapita watu: vilele ni bapa, lakini mita haifiki hata -8. Hapo sauti ilipasuka kabla ya kufika kwenye faili. Kisa cha kawaida ni waya uliotoka kwenye miksa ya DJ ukachomekwa tundu la maiki, na mkondo wa miksa una nguvu kupita wa maiki kwa makumi ya desibeli. Badilisha swichi ya kamera iwe LINE, au tia kipunguzi cha desibeli 20 au zaidi. Kupunguza sauti ndani ya kamera wakati mwingine hakusaidii, maana saketi ya mlangoni imeshalemewa.

Kukarabati ni kubahatisha kwa akili. Programu hutazama wimbi kabla na baada ya bapa, kisha huchora kilele kilichodhaniwa kuwepo. Kilele kipya kinahitaji nafasi ya kupanda, ndiyo maana Clip Fix, zana ya ukarabati huo katika programu ya sauti ya Audacity, hupunguza sauti kwa desibeli 9 isipobadilishwa. Chagua sehemu iliyoharibika tu, si klipu nzima. Vigelegele vya sekunde mbili hupona vya kutosha. Wimbo mzima uliopasuka mwanzo hadi mwisho haufai kupotezewa usiku. Tafuta simu ya mgeni aliyerekodi palepale, ulinganishe kwa pigo la kofi. Mara nyingi hiyo hushinda programu yoyote.

Kusawazisha kuanze na maneno. Vilele vyake viwe kati ya -12 na -6, na muziki unaopita chini ya maneno uwe chini yake kwa desibeli 15 hadi 20. Kama ulirekodi ufukweni Mama Ngina, upepo wa bahari utakuwa umejaza ngurumo: kata kila kilicho chini ya hezi 80, au 100 kwa sauti nyembamba. Kisha kompresa, zana ya kubana sauti inayopita kiwango ulichoweka (kizingiti), ya 3:1, yaani kila desibeli 3 zinazopita kizingiti hutoka 1. Ikikandamiza zaidi ya desibeli 6 sauti huanza kuhema, na hapo ni afadhali kushusha kwa mkono neno kwa neno. Mwisho kabisa weka limita, zana isiyoruhusu kilele kupita kiwango fulani, kwenye -1.

Mita ya vilele haisemi sikio linasikia ukubwa gani. Kipimo cha hilo ni LUFS, wastani unaofuata usikivu wa binadamu. YouTube hushusha video zinazopita takriban -14, na zilizo chini kwa kawaida huziacha zilivyo. Utangazaji wa Ulaya hutumia -23.

Kwa harusi ijayo, ikiwa kamera ina njia mbili za sauti, peleka maiki ileile kwenye zote na njia ya pili iwe chini kwa desibeli 12, ili ya kwanza ikipasuka, ya pili ibaki akiba. Vinasa sauti vya biti 32 vya floti (32-bit float) huondoa dari la faili, lakini maiki yenyewe ikilemewa, hata hivyo havitaiokoa.