Homa imeisha ila viungo bado vinauma: virusi na baridi yabisi

Maswali haya nayapata sana toka kwa watu wa Mbeya, Rungwe, Njombe mpaka Iringa. Nayajibu pamoja hapa maana mengi yanafanana, na inaniuma kuona mtu anameza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, miezi na miezi mpaka tumbo linaharibika wakati ugonjwa wake unatibika.

Nilipata homa kali na vipele nikaambiwa malaria na taifodi, nikanywa dawa homa ikaisha. Sasa naingia mwezi wa tatu vidole vinavimba. Nachuma chai huku Tukuyu na asubuhi mikono haifungi kabisa mpaka saa nne. Ile homa ndo imeniletea baridi yabisi?

Pole sana dada. Inawezekana ndio, ila tuiangalie vizuri. Kuna virusi kadhaa vinavyoweza kuvimbisha viungo: chikungunya, rubela, homa ya ini B na C, na kingine watu wengi hawajakisikia kinaitwa pavovairasi B19. Hiki mtoto akikipata mashavu yanakuwa mekundu kama kapigwa kibao, siku chache yuko nje anacheza, lakini mama yake akiambukizwa anaweza kuvimba vidole, vifundo vya mikono na magoti pande zote mbili, ukimuona utaapa ni rumatoidi, yani ile baridi yabisi yenyewe ya kudumu. Kwa wengi inaisha yenyewe ndani ya wiki chache.

Kwa hiyo mimi naangalia muda kwanza. Uvimbe ukipita wiki sita, na asubuhi viungo vinakakamaa zaidi ya nusu saa, na vinavyouma ni vile vifundo vidogo vya vidole kulia na kushoto, hapo usisubiri tena. Jaribu kitu kimoja: mtu akushike mkono kama anakusalimia halafu aminye taratibu pale kwenye vifundo vya ngumi, ukishtuka kwa maumivu nenda hospitali wiki hii hii. Wewe wiki sita umeshazivuka.

Kirusi kinafanyaje mpaka mwili ujishambulie wenyewe?

Fikiria sungusungu wamepewa sura ya mwizi, usiku wanamkamata jirani anayefanana naye. Kinga ya mwili inajifunza kutambua vipande vya kirusi, na vingine vinafanana na vipande vya mwili wetu, basi inaendelea kupiga hata kirusi kikishaondoka. Na sio njia hiyo tu. Wakati wa vita na kirusi seli zinapasuka na vitu vya ndani ambavyo kinga haikuwahi kuviona vinatoka nje, halafu kuna virusi ambavyo haviondoki kabisa, mfano virusi vya Epstein-Barr vinajificha maisha yote ndani ya seli zilezile za kinga zinazotengeneza kingamwili, na hivi vinahusishwa na rumatoidi pamoja na lupasi, ugonjwa ambao kinga inashambulia ngozi, viungo na hata figo.

Lakini karibu kila mtu mzima ameshapata Epstein-Barr na wengi wetu hatuna lupasi. Maana yake kirusi peke yake hakitoshi. Mara nyingi kuna kitu cha kurithi kwenye ukoo, na homoni nazo zimo, ndo maana kwenye kila wagonjwa kumi wa lupasi kama tisa ni wanawake. Sigara pia inaongeza hatari ya rumatoidi, hili watu hawapendi kulisikia ila ni kweli.

Chikungunya si ugonjwa wa Pwani? Huku milimani ipo?

Ipo. Ilitambuliwa mara ya kwanza hapa hapa kusini mwa nchi yetu, kwenye mlipuko wa 1952 hadi 1953 nyanda za Makonde. Na utafiti uliochapishwa 2014 wa sampuli za damu za watu wa mkoa wa Mbeya ulikuta takriban asilimia 18 wana alama za kuwahi kuambukizwa virusi vya kundi la chikungunya. Mbu wake anauma mchana, ana madoa meupe miguuni, anazaliana kwenye matairi na ndoo zilizotuama maji, kwa hiyo neti ya usiku peke yake haikusaidii. Wengi wanapona ila kuna ambao viungo vinauma miezi, wengine miaka kabisa.

Wazee wanasema ni baridi ya Makete imeingia kwenye mifupa.

Baridi inafanya maumivu yasikike zaidi, hilo wazee wako sahihi. Lakini haivimbishi viungo, na Kyela kwenye joto wagonjwa wapo vilevile. Vaa sweta, halafu nenda kapime.

Nimepima RF imesoma positivu. Ndo nina rumatoidi?

Sio lazima. RF ni kipimo cha damu kinachotumika kutafuta rumatoidi, ila kinaweza kusoma positivu kwa mtu mwenye homa ya ini C, mwenye VVU, mwenye TB, hata kwa mzee mzima wa afya. Kipimo kingine cha damu kinachoitwa anti-CCP kinaaminika zaidi, ila hata hicho kinasomwa pamoja na viungo vyako vyenyewe, daktari avishike. Karatasi peke yake isikuanzishie dawa za maisha.

Natumia ARV na viungo vimeanza kuuma. Niache?

Usiache hata siku moja, nakuomba. Swali hili ni kubwa kwetu kwa sababu utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati taifa zima ni 4.4. VVU vyenyewe vinaweza kuleta uvimbe wa viungo, hasa magoti na vifundo vya miguu, na mwingine anapata na magamba ya ngozi. Halafu kuna wale ambao kinga ikifufuka baada ya kuanza dawa, ugonjwa wa viungo uliokuwa umetulia unaibuka. Waambie kliniki unayochukulia dawa, hilo linatibika huku unaendelea na ARV.

Nitawaambukiza wanangu?

Hapana. Kirusi kinaambukiza, rumatoidi na lupasi haziambukizi. Kuleni pamoja.

Nikikutwa nayo natumia dawa gani?

Rumatoidi mara nyingi inaanza na methotreksati, na hii inanywewa MARA MOJA KWA WIKI, chagua siku, mfano Jumapili, iandike kwenye kalenda ukutani, maana anayeinywa kila siku anaweza kufa. Mjamzito haruhusiwi, na kama unapanga mimba sema mapema upewe nyingine. Kabla ya kuanza uliza umepimwa homa ya ini B, VVU na TB, kwa sababu dawa zinazotuliza kinga zinaweza kuamsha homa ya ini iliyolala. Predinisoloni inatuliza haraka sana ndo maana watu wanaipenda na kujinunulia dukani, ila ukiitumia kiholela sukari inapanda na mifupa inalika, na kama umeshaitumia muda mrefu usiikate ghafla, njoo upunguziwe taratibu.