Hapana, hakummwagia mtu plasta

Juzi tena. Mgeni kaiona kwenye simu yangu picha ya Dead Dad, yaani Baba Aliyekufa, sanamu ya silikoni ambayo msanii Ron Mueck alimtengeneza baba yake, akaitupia jicho mara moja, akatoa hukumu: "Hawa si humwagia mtu plasta tu, ikikauka wanaibandua?" Nimelisikia hilo hadi nimechoka. Kazi yangu ni kutengeneza masikio na vidole vya silikoni kwa waliopoteza vyao, kwa hiyo linanigusa.

Mzee yule amelala chali, mtupu, viganja vimeangalia juu. Utosini hadi nyayoni ni kama sentimita 102. Mbavu za mtu mzima, magoti ya mtu mzima, urefu wa mtoto wa miaka minne. Sasa hapo kamwagiwa nani? Na Boy, mvulana aliyechuchumaa, mwenye kimo cha karibu mita 5, aliyeonyeshwa Venice mwaka 2001 na sasa yuko Aarhus, Denmark? Mueck, Mwaustralia aliyeanzia kwenye vikaragosi vya televisheni, hufinyanga udongo. Kalibu hutolewa kwenye udongo huo, si kwenye mwili wa mtu.

Wapo waliotumia miili ya watu kweli. Mchongaji Duane Hanson wa Marekani alifanya hivyo, na namheshimu sana. Lakini jamani, hata hapo kazi ndiyo kwanza imeanza! Nikichukua kalibu ya sikio zima la mgonjwa ili nifuate umbo lake, uzito hulilaza. Linatoka limebonyea, na siku nzima inakwisha nikilinyanyua kwa kijiko cha nta. Uso ni balaa zaidi: kope zimefumbwa, midomo imekazwa, mashavu yameshuka. Mimina silikoni humo bila kurekebisha, utapata mtu anayengoja shida iishe. Macho lazima mtu ayafungue kwa mikono yake.

Shutuma yenyewe ni ya kale. Mwaka 1877 mchongaji Mfaransa Rodin aliambiwa kuwa sanamu yake L'Âge d'airain (Enzi ya Shaba) ameitoa kwenye mwili wa mtu. Ikabidi atafute picha na kalibu za askari aliyempigia pozi, Auguste Neyt, watu walinganishe. Kisha akamtengeneza Yohana Mbatizaji mkubwa kuliko binadamu, wakakosa la kusema.

Ngozi nayo haipakwi rangi juu ikaisha. Silikoni hutiwa rangi na kutandazwa ndani ya kalibu tabaka kwa tabaka: ya nje nyembamba, inayopitisha mwanga, chini yake wekundu na kijani cha mishipa. Mwanga uingie kidogo ndipo urudi. Ukigonga juu tu ukarudi, umepata mwanasesere. Nywele huchomekwa kwa sindano, mmoja mmoja, na mlalo wake ndio kila kitu. Tazama mkono wako: vinyweleo havisimami wima, vinalala kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Nywele za yule mzee ni za Mueck mwenyewe.

Ninachoshindwa kukieleza ni ukubwa. Kwangu milimita moja ikizidi, mtaa mzima unaona. Mueck kamwondolea baba yake zaidi ya theluthi ya kimo, na bado ukimtazama unashusha sauti. Nimesikia sababu zake: kwamba ni kama kumwona kwa mbali, kwamba unalazimika kuinama, kwamba anafanana na mtoto. Kila moja inanifikisha nusu ya njia.

Mwezi uliopita nilimvisha mama mmoja sikio ambalo nililiona halina kasoro: rangi, mishipa, hata kovu dogo la hereni. Akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, akaniambia, "Fundi, sikio ni zuri, ila halisikilizi."

Nikalirudisha mezani. Nikaligeuza nje kidogo tu, unene wa ukucha, nikamvisha tena. Akatabasamu, akafunga kilemba chake nyuma ya sikio badala ya juu yake.

Bado nalifikiria lile neno.