Kina cha theluji si maji ya theluji

Kila theluji ya Kilimanjaro inapozungumzwa, hakosekani mtu wa kusema kwamba misitu ndiyo inayoitunza. Msitu wa mlima ule unaishia karibu na mita 3,000. Barafu ya Kibo, kilele cha mlima huo, iko huko juu ya mita 5,000, ambako hakuna mti. Swali la msitu na theluji lipo kweli, ila kwao ni kwenye milima ya magharibi mwa Marekani, Kanada na Ulaya kaskazini, ambako theluji huangukia misonobari.

Kinachopimwa huko ni maji yaliyomo kwenye theluji: ukiiyeyusha yote palepale ilipolala, maji yangesimama kimo gani. Basi.

Kinachonikera ni watu kusoma kina wakadhani wamesoma maji. Sentimita 50 za theluji mpya huweza kutoa sentimita 5 tu za maji. Kina hichohicho mwishoni mwa majira ya baridi, theluji ikishajishindilia, huweza kutoa 20. Tena theluji hupungua kina usiku kucha bila kupoteza hata tone, kwa sababu imejikandamiza kwa uzito wake. Mwenye rula peke yake ataandika kwamba imeyeyuka, na ripoti nzima itakuwa imepotea njia.

Aliyelishughulikia hili mapema ni James Edward Church, mwalimu wa Kilatini katika Chuo Kikuu cha Nevada, mwanzoni mwa karne ya 20. Alipanda Mlima Rose akitaka kujua hasa misitu inaifanyia nini theluji, na akaamua kuipima kwa mizani. Bomba lenye meno hudidimizwa mpaka ardhini, huchomolewa, hupimwa pamoja na theluji yake, kisha uzito wa bomba hutolewa. Ncha ikitoka na udongo kidogo, unajua umefika chini. Udongo huo hukwanguliwa kwanza. Bomba linalotumika sana Marekani lina upana uliochaguliwa makusudi ili wakia moja ya theluji iwe inchi moja ya maji. Napenda sana akili hiyo: mpimaji anasoma mizani tu, vidole vimeganda, hana hesabu ya kupiga.

Kwa kipimo hicho, msitu unaonekana una kazi mbili zinazovutana. Matawi hudaka theluji, na sehemu yake hugeuka mvuke bila kufika chini. Ndiyo maana chini ya miti iliyosongamana huwa na maji pungufu kuliko kwenye uwazi mdogo wa jirani. Huko Fool Creek, Colorado, sehemu ya msitu ilikatwa kwa vipande miaka ya 1950, na maji ya kijito yakaongezeka. Kwa upande wa pili, kivuli huchelewesha kuyeyuka, ilhali miti yenyewe hutoa joto. Penye baridi kali kivuli hushinda. Pale ambapo wastani wa Desemba hadi Februari unazidi nyuzi -1 za Selsiasi hivi, theluji ya msituni mara nyingi huisha wiki moja au mbili kabla ya ile ya uwazini.

Kwa hiyo anayesema "msitu unahifadhi theluji" hajakosea moja kwa moja. Amechanganya maswali mawili na hajataja mahali. Aseme ni maji kiasi gani yaliyolimbikizwa, na yaliisha lini, chini ya miti na kwenye uwazi wa mwinuko uleule.