"Nakumbuka kama jana": ukweli kuhusu kumbukumbu iliyo wazi

"Daktari, mimi nakumbuka kama jana." Maneno haya nayasikia karibu kila wiki, na mara nyingi husemwa na watu wawili walioketi mbele yangu, kila mmoja akikumbuka kama jana jambo linalopingana na la mwenzake. Wa mwisho walikuwa kaka na dada, hawasalimiani kwa miaka tisa kwa sababu ya maneno ya marehemu baba yao kuhusu kiwanja. Kaka anaiona shuka ya kitandani. Dada anaisikia sauti ya mzee. Kila mmoja anaapa kuwa mwenzake ni mwongo.

Wote wawili walikuwa wakisema kile wanachokikumbuka kweli. Nimechoka kuona familia zikivunjika kwa kutolijua hili, kwa hiyo nalisema wazi: uwazi wa kumbukumbu, na uhakika wa mwenye nayo, havithibitishi kwamba jambo lilikuwa hivyo.

Januari 28, 1986, chombo cha anga Challenger kililipuka kikiruka kutoka Florida. Kesho yake Ulric Neisser, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Emory, aliwapa wanafunzi karatasi waandike walisikiaje habari ile: walikuwa wapi, na nani, nani aliwaambia. Miaka miwili na nusu baadaye aliwauliza upya 44 kati yao. Kumi na mmoja walikosea kila kitu. Watatu tu ndio waliopata alama zote. Walio wengi, hata hivyo, walikuwa na uhakika mkubwa wa walichosema. Walipoonyeshwa karatasi zenye mwandiko wao wenyewe, kumbukumbu ya awali haikuwarudia. Waliendelea kuiona ile mpya. Waliokuwa Nairobi au Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998, siku mabomu yalipolipuka kwenye balozi za Marekani, wana masimulizi ya aina hii, na mimi ninalo langu. Siliapii tena.

Sababu ni kwamba kukumbuka ni kujenga. Kila unaposimulia, ubongo unaunganisha vipande vilivyobaki na unayoyajua leo, uliyoyasikia kwa shangazi, picha uliyoiona kwenye simu, kisha unakihifadhi kilichojengwa. Kinachopotea mapema ni chanzo: unabaki na taswira, umesahau uliipata wapi. Ndiyo maana jambo lililosimuliwa misibani mara arobaini huwa na rangi kali kuliko lililosimuliwa mara moja. Rangi hiyo imetokana na kurudiwa.

Mahakamani hali hii huwafunga watu wasio na hatia. Mwaka 1984, huko North Carolina, Marekani, mwanafunzi aliyebakwa alijitahidi kuusoma uso wa mbakaji ili amtambue baadaye. Alimchagua Ronald Cotton kwenye picha, kisha kwenye gwaride la utambuzi, na baadaye akaambiwa kuwa amechagua mtu yuleyule. Kuanzia hapo, uso aliokuwa akiukumbuka ulikuwa wa Cotton. Mbakaji halisi alipoletwa mahakamani kesi iliposikilizwa tena, alisema hajawahi kumwona. Cotton alikaa gerezani zaidi ya miaka kumi, hadi vipimo vya vinasaba (DNA) vilipomtoa mwaka 1995. Ubakaji ulitokea kweli. Kilichokosewa ni uso. Nalisisitiza hili kwa sababu wapo wanaokimbilia utafiti wa kumbukumbu ili kuwanyamazisha waathirika, na hilo silikubali kabisa.

Watu huniambia pia mambo mengine. "Anayekumbuka lisilotokea ana matatizo ya akili." Hapana. Mwambie mtu yeyote mzima akariri kitanda, mto, shuka, ndoto, koroma, uchovu, lepe. Baadaye wengi watakuambia "usingizi" lilikuwemo. Wanasaikolojia Roediger na McDermott walilionyesha jambo hili mwaka 1995 kwa orodha za namna hiyo. Mwaka huohuo wanasaikolojia wengine, Loftus na Pickrell, waliwasimulia watu 24 kisa cha kubuni, kwamba walipotea dukani utotoni. Takriban robo yao walikikumbuka, chote au sehemu yake.

"Swali ni swali tu, jibu liko kichwani." Mwaka 1974 Loftus na Palmer waliwaonyesha watu filamu ya ajali. Kundi moja liliulizwa kasi ya magari "yalipogongana", jingine "yalipobamizana". Wiki moja baadaye waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwepo. Waliosema ndiyo ni 7 kati ya 50 katika kundi la kwanza, na 16 kati ya 50 katika la pili. Neno moja! Kwa hiyo mzazi, usimuulize mtoto, "Mwalimu alikushika wapi?" Sema, "Niambie siku yako ilikuwaje," kisha nyamaza. Mtoto asipokokotwa kwa maswali anaweza kueleza vizuri sana.

"Nilazwe kwa hipnosisi, kila kitu kitafukuka." Hipnosisi, yaani hali kama ya usingizi ambamo mtu huongozwa na maneno ya mwingine, huongeza maneno na uhakika, usahihi hauongezeki. Siifanyi kazi hiyo, na anayekuahidi hivyo mkimbie.

Ushauri ninaompa kila mteja ni mmoja: andika siku hiyohiyo, ukiwa peke yako, kabla hujaingia kwenye kundi la familia la WhatsApp. Weka tarehe. Andika pia usichokiona na usichokisikia. Wale kaka na dada hawakuwa na karatasi yoyote ya siku ile, kwa hiyo niliacha kuwauliza mzee alisema nini. Sasa tunazungumzia kiwanja chenyewe, na nani anataka kufanya nini nacho.